Kumlilia mbwa: huu msiba usio na matanga ni kitu gani hasa?

Wiki iliyopita binamu yangu aliweka picha ya mbwa wake kwenye grupu la familia, picha ya kawaida tu, mbwa kakaa mlangoni ulimi nje, chini yake akaandika "amefariki leo asubuhi, naumia sana". Ndani ya dakika tano grupu limewaka. Mjomba mmoja alisoma maneno kabla picha haijafunguka maana bando lake lilikuwa linaishia, akaanza kupiga simu huku na huku kuuliza msiba uko kwa nani na nauli inachangwaje. Alipojua ni mbwa akakasirika kweli, akaandika "mbwa hafariki, mbwa anakufa". Shangazi akatuma vikatuni vya kucheka. Mwingine akasema "pole mwanangu, ila weka akiba ya machozi". Binamu akajitoa kwenye grupu, mpaka leo hajarudi.

Mimi sikucheka, ila sikumtetea pia, na hapo ndo napojilaumu kidogo maana hii ishu naijua. Mwaka juzi kwetu Morogoro tulimpoteza Mtasema. Jina alipewa na baba enzi za ugomvi wa ukuta na jirani, si mnajua huku kwetu mbwa anapewa jina la kile ambacho mwenye nyumba hawezi kumwambia mtu usoni, ndo maana mtaani kumejaa kina Wivu na Hawanijui. Baba alikuwa anasimama getini saa kumi na mbili jioni anaita "Mtasemaaa!" mbwa anakuja anatingisha mkia na ujumbe kwa jirani umefika. Alikaa nasi miaka saba. Alikufa usiku mmoja tu, saa tano tulimsikia anabweka, alfajiri tumemkuta pembeni ya ukuta kakakamaa, povu mdomoni, na nusu ya kipande cha nyama ambayo haikutoka jikoni kwetu.

Sasa tuanze na maneno, maana nusu ya ule ugomvi wa kwenye grupu ulikuwa ugomvi wa maneno. Kiswahili chetu kina ngazi kwenye hili jambo. Mtu anafariki au anaaga dunia, mnyama anakufa. Mwili wa mtu ni maiti, wa mnyama ni mzoga. Unafiwa na mtu, hufiwi na mbwa, ukisema "nimefiwa na mbwa" sikio la msikilizaji linakataa palepale hata kama ana huruma. Kwahiyo mjomba kwenye lugha hakukosea. Alikosea kudhani kwamba kwa vile lugha haikuweka mlango basi nyumba yenyewe haipo.

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Cha kwanza ni majonzi, yani kile kinachotokea ndani yako ukipoteza, kifua kuwa kizito, usingizi kukata saa nane usiku, chakula kukosa ladha. Cha pili ni maombolezo, yani unavyoyaonyesha hayo majonzi nje, kulia, kuvaa kaniki, kunyoa nywele kwa wenye hiyo mila, kukaa kimya. Cha tatu ndo matanga, ule mpango mzima ambao jamii inamwekea aliyefiwa. Na ukiyaangalia vizuri matanga utaona ni mtambo uliotengenezwa kwa akili sana. Turubai linasimamishwa ili kila apitaye ajue bila kuuliza. Daftari la rambirambi linazungushwa. Wanawake wako kwenye mikeka ndani, wanaume nje kwenye viti vya kukodi na bao, sufuria kubwa ziko kwenye mafiga, na kila anayeingia anakuuliza "ilikuwaje?" na wewe unasimulia tena na tena mpaka ile stori inaanza kulainika mdomoni. Bosi kazini anakupa ruhusa. Halafu inafika siku ya kuanua tanga, watu wanakula, wanatawanyika, na wewe umeshaambiwa kwa vitendo kwamba haya, sasa anza kuishi tena.

Mbwa akifa majonzi yanakuja kama kawaida yake, ila maombolezo unaona aibu, na matanga hakuna kabisa. Hakuna turubai, hakuna ruhusa ya kazini, hakuna anayeuliza ilikuwaje, na hakuna siku ya kuanua chochote. Mwaka 1989 msomi mmoja Mmarekani, Kenneth Doka, aliipa jina huzuni ya namna hii, kwa Kiswahili cha kueleweka tuiite huzuni isiyo na kibali: umepoteza kweli lakini jamii haikutambui kuwa ni mfiwa. Na wala siyo ya mbwa peke yake. Mama ambaye mimba imetoka ikiwa changa anaijua. Mtu aliyefiwa na mtalaka wake anaijua, anakaa nyuma kabisa msibani kama mgeni. Hawara ndo kabisa, hata kwenye daftari haandikwi. Shida ya hii huzuni siyo kwamba ni kubwa kuliko nyingine, shida ni kwamba inakosa pa kukaa, inabaki inazurura na wewe kwenye daladala.

Kwanini mwili unaumia kiasi kile, tutumie mfano wa umeme. Tanesco wamekata, unajua kabisa wamekata, friji imenyamaza, jirani naye kalalamika, na bado ukiingia chumbani mkono unaenda wenyewe kwenye swichi. Unabonyeza, giza, unajicheka. Dakika kumi baadae unabonyeza tena. Mkono una elimu yake ambayo haijapata habari. Mbwa wa nyumbani ni swichi za namna hiyo, tena nyingi sana kwa siku, maana binadamu hata umpende vipi humfungulii mlango asubuhi na kumwita jioni kila siku kwa miaka saba. Anasafiri, anahama, anaolewa, anakununia. Mbwa yupo tu.

Bibi yangu mzaa mama ni wa Bagamoyo, Muislamu wa msimamo, Mtasema hakuwahi kumgusa hata siku moja, akimsogelea anamwonyesha fimbo. Lakini kila usiku baada ya chakula yeye ndo alikuwa anakwangua ukoko wa ugali, anamwagia mchuzi wa dagaa, anatoka mlango wa nyuma, anagonga sufuria kwa mwiko mara tatu, ko ko ko, anasema "njoo ule, usinisogelee". Siku ya tatu baada ya Mtasema kuzikwa tulikuwa sebuleni, tukasikia sufuria inagongwa huko nyuma. Mara tatu. Kukawa kimya. Hakuna aliyeinuka, baba akaongeza sauti ya taarifa ya habari. Bibi akarudi na sufuria mkononi, ukoko uko vilevile, akaliweka kwenye beseni akasema tu "kesho kuku watakula" na akaenda kulala bila kutuambia usiku mwema. Huyo ni mtu ambaye ukimuuliza kama alikuwa anampenda mbwa angekutukana.

Kuna na upande wa ndani zaidi ya mazoea. Mwili wetu una homoni inaitwa oksitosini, ndo ile inayofanya kazi mama akimwangalia mtoto anayenyonya, inatengeneza ule utulivu na kushikamana. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walipima mkojo wa watu na wa mbwa wao kabla na baada ya kukaa pamoja nusu saa, wakakuta wale waliotazamana machoni kwa muda mrefu homoni ilipanda kwa mtu na ikapanda kwa mbwa pia. Wakajaribu kwa mbwamwitu waliolelewa na binadamu tangu wadogo, haikutokea. Kwahiyo ule mkao wa jioni, wewe na chai yako, mbwa kidevu juu ya kandambili anakuangalia, kuna kitu kilikuwa kinaendelea kwenye damu zenu wote wawili, na siku moja kinakatwa gafla. Ubongo hauna dirisha la kuuliza "aliyeondoka ana miguu mingapi?" kabla haujakuumiza.

Na wale wanaosema haya ni mambo ya kizungu, ya watu waliokosa ndugu. Sawa, wapo wenzetu wanaowavalisha mbwa sweta, hilo nawaachia wenyewe. Ila kuishi na mbwa siyo mtindo wa juzi. Mwaka 1914 kule Oberkassel, karibu na mji wa Bonn Ujerumani, vibarua wa machimbo ya mawe walifukua kaburi la mwanaume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa, la zamani kama miaka 14,000 hivi. Mwaka 2018 watafiti wakayachunguza upya meno ya yule mbwa, wakaona alikuwa bado mdogo, ana miezi kama 7, na aliwahi kuugua vibaya sana, inaelekea ni ule ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa. Mbwa wa hali ile hawindi, halindi, anatapika na kuharisha tu, bila mtu wa kumpa maji na kumsafisha asingefika hata hiyo miezi. Miaka elfu kumi na nne iliyopita, watu hawana hata kilimo, mtu anamuuguza mbwa asiye na kazi yoyote halafu akifa anamzika na watu. Hapo grupu la familia lingesemaje.

Sasa kifo cha gafla. Huyu wa gafla ana sumu yake tofauti na wa uzee. Mbwa akizeeka unamwona, macho yanaingia ukungu, kuinuka anapiga hesabu, unajiandaa bila kujua. Wa gafla hakupi nafasi, na akili ikikosa mwanzo wa stori inaanza kuutafuta, na kwa kuwa mtu wa karibu zaidi kwenye uchunguzi ni wewe, mtuhumiwa wa kwanza ni wewe. Mimi nilikaa wiki mbili na swali moja: alipobweka saa tano kwanini sikutoka? Baba yeye swali lake ni kwanini siku ile hakumfungia kwenye banda. Mama alikuwa na la kwake kuhusu taa ya nje. Kila mtu ndani ya nyumba alikuwa na kesi yake na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Hii hatia ina makosa ya hesabu ndani yake. Ukishajua matokeo, kila dalili ya nyuma inaonekana ilikuwa wazi, kama vile mechi ikiisha kila mtu kijiweni ni kocha, wote walijua yule beki asingepangwa. Mtasema alibweka saa tano usiku kila siku ya Mungu kwa miaka saba. Kelele ile kabla ya kifo ilikuwa mbwa anabweka, ikageuka "dalili" baada ya kifo. Ukijihukumu hakikisha unajihukumu kwa kile ulichokuwa unakijua saa tano, siyo ulichokijua alfajiri.

Na inasaidia kujua ukweli wa yanayoua mbwa gafla huku kwetu, maana mengi hayaonekani mpaka yameshafika mwisho. Sumu ndo ya kwanza kichwani kwa watu, nyama yenye dawa ya kuulia wadudu wa shambani inarushwa na wezi au na jirani aliyechoka kelele, mbwa anatoa mate mengi, anatetemeka, anaingia degedege, na baadhi ya hizo dawa ni kali kiasi kwamba hata ukiwa macho unaweza usiwahi. Nyoka nao wapo, kifutu na swila, hasa nyumba za pembezoni mwa mji. Homa za kupe zinaonekana za gafla lakini zinakuwa zimemla siku kadhaa kimyakimya, ufizi unapauka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na mbwa ni mnyama wa kuficha udhaifu, atatingisha mkia mpaka anaanguka. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kama hawa wa Kijerumani tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota, ni suala la masaa. Wengine wanakuwa na uvimbe kwenye bandama, unapasuka siku moja na wanavujia damu ndani. Na watoto wa mbwa wanamalizwa na parvo, ugonjwa ulioanza kuenea duniani mwaka 1978, wanatapika na kuharisha damu, siku mbili tatu kwisha. Ukitaka kujua kwa uhakika daktari wa mifugo anaweza kupasua na kuangalia, kwa wa Morogoro pale SUA, yani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna hospitali ya wanyama. Sisi hatukupeleka. Baba alisema nyama ile imeshasema.

Hapa naomba huzuni isimame kidogo tuongelee kitu cha hatari, maana watu wanalia huku wanamshika mbwa bila kufikiria. Kama mbwa wako kabla ya kufa alibadilika tabia, amekuwa mkali bila sababu au mpole kupita kawaida, mate yanamtoka, taya limelegea, hamezi, anayumba miguu ya nyuma, au amemuuma mtu siku za karibuni, hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimzike kimyakimya. Mwite afisa mifugo wa kata, sampuli inachukuliwa kichwani. Aliyeumwa, au aliyepakwa mate kwenye kidonda, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu aende hospitali siku hiyohiyo kwa sindano, asisubiri majibu ya mbwa, maana ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa unaua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi ni Asia na huku kwetu Afrika, na karibu wote wanaambukizwa na mbwa. Na aliyekufa kwa sumu azikwe shimo refu, mita moja hivi, mbali na kisima, usimtupe bondeni, kunguru na mbwa wengine wakimla nao wanaondoka. Vaa glavu au hata mifuko ya nailoni mikononi. Haya, turudi.

Yapo maneno ambayo mfiwa wa mbwa anaambiwa na yanahitaji kunyooshwa. La kwanza "si ununue mwingine". Anayesema hivi mara nyingi ana nia nzuri, kwenye akili yake mbwa ni kama tairi, limepasuka weka jipya. Ukweli ni kwamba mbwa mpya akija mapema anakuja kufanyiwa usaili wa kazi ya marehemu kila siku, halii vizuri, hakai pale mwenzie alipokuwa anakaa, na watu wanamchukia bila kosa. Na kuna sababu nyingine ya kidaktari kabisa ambayo wengi hawaijui: kama aliyekufa aliuawa na parvo, kirusi chake kinakaa kwenye udongo wa uani kwako miezi mingi, hata mwaka, sabuni ya kawaida haikiwezi, sakafu inahitaji jiki. Unamleta mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, wiki ya pili unachimba tena. Nimewaona watu wamezika watatu mfululizo kwenye uwanja mmoja wakidhani wamerogwa.

La pili ni la hatua tano. Hili limesambaa sana siku hizi, kila anayeongelea msiba anakuambia kuna kukataa, hasira, kubembeleza, sonona, halafu kukubali, kama vituo vya mwendokasi, ukipita Magomeni unasubiri Usalama. Asili yake ni daktari Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakufa wenyewe, siyo na waliofiwa. Baadae ndo zikahamishiwa kwa wafiwa. Kwahiyo kama wewe hujakasirika wala hujabembeleza mtu usidhani umeruka kituo. Maelezo yanayokaa karibu zaidi na maisha ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, mwaka 1999, wao walisema mfiwa anakwenda na kurudi, kama bembea. Upande mmoja uko kwenye uchungu, unaangalia picha, unalia. Upande wa pili uko kwenye maisha, unalipa ada, unacheka kichekesho cha redioni. Bembea ikiwa upande wa kucheka hujamsaliti aliyekufa, na ikirudi upande wa kulia miezi minne baadae hujaanza upya. Shida ni ikigandia upande mmoja.

La tatu la dini, na hapa nimemuachia bibi maana yeye ndo aliyenifunza. Watu wanasema Muislamu hatakiwi hata kusikitika kwa ajili ya mbwa. Bibi anasema hayo ni maneno ya kijiweni. Kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani yote mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba na mojawapo ni kwa udongo, na mbwa wa kukaa naye kitandani hayupo. Lakini mbwa wa ulinzi wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, tena kwenye Kurani yenyewe yuko mbwa wa watu wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni. Na ipo hadithi ya Mtume ya yule mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Najisi ni habari ya udhu, huruma ni habari nyingine, bibi anazitenganisha kama anavyotenganisha sufuria zake. Upande wa baba ni Wakatoliki, na kwenye Biblia yao kuna kitabu cha Tobiti ambapo kijana anaanza safari ndefu na malaika, na mbwa anawafuata. Hapewi kazi yoyote kwenye stori, anafuata tu.

Halafu watoto. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka mitano, na shangazi kwa mapenzi kabisa akamwambia Mtasema amesafiri kwenda Ifakara. Mtoto akawa anakaa getini kila jioni. Siku ya nne akauliza kama sisi tukisafiri pia haturudi, na baba alikuwa ana safari ya Dodoma wiki ile, kilichotokea asubuhi ya safari sitaki hata kukumbuka, alishikilia suruali ya baba mpaka gari likaondoka bila baba. Umri ule mtoto bado hajashika kwamba kufa hakuna kurudi, kwahiyo uongo mdogo anaubeba wote. Anahitaji sentensi fupi za kweli: mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, harudi, na siyo kosa lako. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko mnavyofikiri, watoto wengi kimoyomoyo wanaamini walisababisha wao, kwa kuwa siku ile walimpiga teke. Neno "amelala" nalo achaneni nalo, mtoto ataogopa kulala.

Na mbwa aliyebaki kama mlikuwa nao wawili, naye usimsahau. Mwaka 2022 huko Italia waliulizwa wafugaji 426 waliopoteza mbwa mmoja kati ya wawili au zaidi, 86 kwa mia walisema aliyebaki alibadilika, anakula kidogo, hachezi, analala sana, au anang'ang'ania watu. Kama wanamlilia mwenzao au wanasoma huzuni ya wenye nyumba, au vyote, ni vigumu kuvitenganisha. Mwongezee muda, ratiba yake isibadilike, akikataa chakula zaidi ya siku moja mbili mwite daktari, isije ikawa siyo huzuni ni ile sumu au kupe waliomchukua mwenzie.

Kinachosaidia kiukweli ni kuvitafuta kwa mikono vile vitu ambavyo matanga yangekupa bure. Mtu mmoja tu wa kukuuliza "ilikuwaje" na akakaa kusikiliza. Shimo mlilochimba wenyewe. Jiwe, au mche wa mparachichi juu yake. Siku moja mnayoitaja kuwa ndo ya mwisho kuongelea habari za nyama na ukuta. Kwetu ilitokea bila kupangwa, umeme ulikatika Jumapili usiku tukawa barazani wote hatuna pa kwenda, mama akaanza na ile ya taa ya nje, baba akafuata na la banda, na mimi nikasema langu. Baba akanisikiliza akasema "hata mimi nilimsikia, nikageuka nikalala". Basi. Tangu hapo nililala. Ila kama imepita miezi na bado hulali, kazi huendi, au unawaza kufa, usione aibu kwenda hospitali kwa sababu chanzo ni mbwa. Sema tu nimepoteza na siwezi kulala, inatosha kuanzia.

Kwa yule anayetaka kumpa pole mwenzie na hajui aseme nini, sema jina la mbwa. "Pole kwa Mtasema." Jirani, yule yule wa ugomvi wa ukuta, ndo aliyekuja kusema hivyo, kasimama upande wake wa ukuta mikono nyuma, akaongeza kwamba usiku siku hizi kumekuwa kimya mno hapati usingizi. Baba akamwambia asante mzee mwenzangu. Ni maneno yao ya kwanza baada ya miaka mingi.

Mwaka huu mwezi wa pili jirani huyo huyo katuletea mtoto wa mbwa, ana doa jeusi jichoni, kamaliza chanjo zote tatu. Jina hajapata mpaka leo, baba anasema hana tena la kumwambia mtu. Anaitwa "wewe" na "toka hapo". Anakula kwenye kopo la rangi, maana sufuria la Mtasema bibi kalifunika juu ya tanki la maji, na hakuna aliyethubutu kuuliza analiweka la nini. Juzi usiku nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, halafu mwiko unagonga kopo la plastiki, halitoi sauti ya maana, tu tu tu, na bibi anasema "wewe, njoo ule. Usinisogelee."